Barua ya Kumzika Mdogo Wangu

Mimi ndiye niliyesema imekwenda. Hilo nalitanguliza, maana kwetu Lindi habari hii husimuliwa kana kwamba kompyuta ndiyo iliyokosa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alifia Uarabuni alikokuwa dereva. Kijana mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja alinipigia Jumanne asubuhi. Kumsafirisha hatukuwa na uwezo, angezikwa hukohuko, lakini ofisi ya kazini kwake isingetoa maiti bila barua ya ridhaa ya mama mzazi. Na ije kwa barua pepe, kutoka anwani ileile marehemu aliyoiandika kwenye fomu zake za kazi. Anwani hiyo ilikuwa yangu. Mimi ndiye mwalimu, msomi wa ukoo, mwenye kompyuta nyumbani. Neno la siri nilishalisahau zamani, kompyuta ndiyo iliyokuwa ikinikumbukia, kwa hiyo barua isingeweza kutokea mahali pengine.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Barua yenyewe niliiandika kwa nusu saa, mama akatia dole gumba. Ningeituma palepale! Lakini sisi Wamwera mtoto ni wa wajomba, na wajomba walikuwa njiani, mkubwa anatoka Rondo, wengine Kilangala. Nani angethubutu kumzika mpwa wao bila wao?

Walifika adhuhuri. Nikawaamkia, shikamoo hapa, shikamoo pale. Mjomba mkubwa akasomewa barua ya mama, akasema ni nzuri, ila na yeye atatoa yake. Akishatoa mkubwa, mdogo atakaa kimya? Mpaka alasiri nilikuwa na karatasi kumi na moja, ya mama ikiwemo, kila moja na sahihi yake au dole lake, mbili zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nilizipiga picha zote kwa simu, nikaziingiza kwenye kompyuta, nikazifunga pamoja na barua, nikabonyeza tuma. Dirisha la barua likajifunga.

"Imekwenda?" mama akauliza.

"Imekwenda, mama."

Mama mdogo alikuwa mlangoni na jamvi kichwani. "We mwalimu, zima hiyo televisheni yako! Nyumba ina msiba, watu watatuonaje?"

Nyumba ya matanga haiwashwi kioo, na mimi nalijua hilo. Niliona haya, nikaizima kompyuta saa ileile na kuifunika khanga. Wanawake wakaweka mito yao mbele yake.

Mwenzake marehemu hakupiga tena. Tukasema anahangaika na mazishi. Kumbe naye huko anasema hawa bado wanakalishana vikao. Mama alikuwa akiniambia, "Angalau mwanangu kashapumzika," nami naitikia. Jumatano usiku alilala, mara ya kwanza tangu habari ifike.

Alhamisi ilikuwa siku ya kisomo. Msikitini wameshamsalia sala ya ghaibu, sahani za pilau zinakusanywa, simu yangu ikaita.

"Dada, poleni. Mmeshakubaliana?"

"Tukubaliane nini?"

"Ile barua, dada. Tunaingoja. Bado yuko kwenye jokofu."

Astaghfirullah! Niliingia chumbani, nikawaomba wanawake wapishe, sikuwaambia kwa nini. Kompyuta ilipowaka, barua za rambirambi kutoka kwa walimu wenzangu zikaanza kumiminika. Za kuingia zinaingia vizuri tu! Ya kutoka ilikuwa imekaa palepale, katika orodha ya zinazosubiri, na karatasi zake kumi na moja.

Nikabonyeza tena. Mstari ukatambaa kidogo, ukasimama. Nikalilaumu bando, nikanunua jingine. Nikachomoa modemu, nikaichomeka. Nikazima, nikawasha. Nikajiandikia barua ya neno moja, nijaribu, nayo ikaenda kujipanga nyuma ya ile ya kwanza. Nilipiga meza kwa ngumi mpaka mama mdogo akaita kutoka uani, kulikoni? Nikamwambia panya.

Mwisho nikampigia yule kijana.

"Dada, kwani unatuma nini?"

"Barua ya mama. Na za wajomba."

"Za wajomba za nini? Wao wanataka ya mama tu."

Hapo ndipo akili iliponirudia. Picha kumi na moja za simu, kila moja kubwa, mzigo haupiti mlangoni, na umeziba njia ya kila kilicho nyuma. Dawa ilikuwa kuifuta barua nzima. Dirishani nilimwona mjomba mkubwa barazani, amekaa na wageni, anawaeleza kwamba yeye kwa mkono wake ndiye aliyetoa ruhusa. Nikamfuta. Nikawafuta wote. Nikachukua karatasi ya mama peke yake, nikaipunguza picha, nikatuma, na safari hii sikubanduka mpaka nilipoiona imehamia kwenye zilizotumwa. Ilichukua muda wa kumenya chungwa. Siku zote zile, jamani, na kazi yenyewe ndiyo hiyo!

"Imefika," kijana akaniandikia. Kabla ya magharibi akapiga: wameshamzika.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, na msiba ulikuwa umeshatulia. Lakini mficha uchi hazai, na mama na wajomba walikuwa wameshaanza kuhesabu siku za arobaini, tangu yale mazishi ya Jumanne. Nikamfuata chumbani, nikafunga mlango, nikakaa chini miguuni pake.

"Mama, mwanao kazikwa leo. Barua haikwenda ile Jumanne. Nilikudanganya, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Tasbihi ilisimama mkononi mwa mama. Kwetu maiti haachwi peke yake hata dakika moja, tangu roho itoke mpaka udongo umfunike, lazima awepo wa kukaa naye.

"Siku hizo zote," akasema, "nani alikaa na mwanangu?"