Jiwe Chini ya Kiti

Saa mbili asubuhi, gari jeupe linaingia kwa kasi kwenye ua wa hoteli moja mjini Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Dereva, simu sikioni, anatoa mkono dirishani na kuning'iniza ufunguo kwa kidole kimoja. Hata hatazami anampa nani.

Paulinus Emorut, mwegesha magari wa hoteli hiyo, haupokei. Anasubiri kando ya mlango mpaka simu iishe.

"Karibu, boss. Hii gari iko na kitu inafaa nijue?"

"Kitu gani? Paki tu, bwana. Nimechelewa kuvuka."

"Handbreki inashika? Kuna mtu amelala nyuma?"

Dereva anashusha pumzi, kisha anasema handbreki inashika, ila anakiri kwamba mlango wa nyuma haufungi vizuri. Paulinus anamshukuru, anapokea ufunguo kwa mikono miwili na kulisogeza gari taratibu hadi ukutani. Akishuka, anasukuma jiwe chini ya gurudumu.

Wapo wanaomwona msumbufu. Wafanyabiashara wengi huacha magari upande huu wakavuka kwa miguu, maana kuvusha gari ni makaratasi na foleni, na kila mtu ana haraka zake. Haraka hizo hizo ndizo zilizomvunja Petronilla Aguti nyonga.

Ilikuwa Februari mwaka jana. Petronilla, mpishi wa hoteli, alikuwa ameinama kwenye bomba nyuma ya jikoni akisugua sufuria za ugali. Ua unateremka kuelekea huko. Mteja mmoja alimrushia Paulinus ufunguo, ukaanguka vumbini, naye akaenda zake bila hata salamu. Paulinus aliuokota, akaegesha, akavuta handbreki. Ilishika kidogo, lakini alipokwisha kushuka ikaachia, gari likateremka kuelekea jikoni. Kabla hajafika langoni alisikia sufuria zikigongana, halafu kilio cha mama wa watu.

Chini ya kiti cha dereva palikutwa jiwe, limelainika kwa kutumiwa. Mwenye gari alijua breki yake imekufa. Kwake nyumbani alizuia gurudumu kwa jiwe hilo. Neno moja, jamani, lingempunguzia nini?

"Aliporudi jioni aliniuliza nani ameharibu bampa yake," anasema Paulinus. "Mama amepelekwa hospitali, yeye anauliza bampa. Ningefungua mdomo ningelia."

Kinachomuuma zaidi ni kwamba mawe anayajua. Zamani alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa malori, huko Malaba, na kwenye foleni ya mpakani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: lori likisimama, anaruka chini na jiwe.

"Huko hata umwamini dereva aje, unaweka jiwe. Nilipovaa shati ya hoteli nikaona mawe ni ya malori. Nikajiona nimepanda cheo."

Meneja alimsimamisha kazi, akamrudisha jiwe lilipoonekana. Jina lake halikurudi upesi hivyo. Jikoni walimpakulia chakula bila kumwangalia, na miezi ikapita kabla hajapata moyo wa kumtembelea Petronilla nyumbani kwake, nje kidogo ya mji.

"Alikaa hapo kwa kiti akiangalia mguu yangu," anakumbuka Petronilla, gongo likiwa limeegemea goti lake. "Nikamwambia, Paulinus, niangalie uso. Mimi si mguu."

Hoteli imemwita arudi, amenye viazi akiwa ameketi. Mara mbili amekataa. Anasema akisikia gari likirudi nyuma, mwili wote unakufa ganzi. Lakini asiporudi, kazi itapewa mwingine, na Paulinus anajua atabeba lawama hiyo maisha yake yote.

Wiki iliyopita alikwenda tena kumbembeleza. Alimwahidi kumwomba meneja ajenge ukuta kati ya jikoni na maegesho.

"Nikamwambia sitaki ukuta," anasema Petronilla. "Nataka tu kila gari ikiingia, mtu aniambie. Yule mwenye gari hakusema. Wewe sema."

Amekubali kujaribu Jumatatu.

Dereva wa gari jeupe ameshavuka. Paulinus anaifuta mikono yake, anateremka hadi mlango wa jikoni na kusimama karibu na bomba. Kiti cha Petronilla kimeshawekwa pale kusubiri Jumatatu, bado kitupu.

"Mama," anasema, kwa sauti ya kawaida, "nyeupe imeingia. Handbreki inashika. Na jiwe nimeweka."

Anasubiri kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa, kisha anapanda tena kuelekea langoni.