Mtumbwi Usiobeba Vita

Abdille Nunow alivijua vita vya baharini kabla havijamfikia vya nyumbani kwao Balambala, kando ya Mto Tana. Mwaka 1940 alikuwa mchochea makaa kwenye meli ya mizigo ya Wagiriki. Ugiriki haikuwa vitani, na bendera yake ilichorwa ubavuni, kubwa, ionekane na manowari za pande zote. Meli ikapigwa, ikazama. Ndani ya mashua ya kuokolea, karani wa mizigo alikiri: chini ya machungwa kulikuwa na risasi za Waingereza. Kabla mwaka haujaisha, Ugiriki nzima ilikuwa vitani.

Mwaka 1965 Abdille alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi katika Mto Tana. Serikali ilipigana na wapiganaji wa Kisomali waliotaka mkoa wao ujiunge na Somalia, na kila upande uliutaka mtumbwi ule.

"Mzee, utavusha askari wangu," Inspekta Mutiso alimwambia.

"Askari mgonjwa nitafusha, bwana. Mwenye bunduki abite daraja ya Garissa."

Mutiso aliondoka amenuna.

Wiki iliyofuata alikuja Awil, mwana wa dada yake, na magunia manne ya mahindi. "Chakula cha watoto, Abti," alimwambia mjomba wake.

Abdille alizamisha mkono katika gunia la kwanza hadi kwenye kiwiko. Akagusa chuma.

"Shusha."

"Abti, sisi ni damu moja. Huwezi kukaa katikati!"

"Naweza. Lakini nikibeba mzigo huu, siko katikati tena. Siku askari watakapoukuta, Balambala yote itakuwa imeingia vitani, wewe ukiwa mbali porini."

Awil alishusha magunia yake, akaapa kurudi na wapiganaji wenzake kuuchukua mtumbwi kwa nguvu.

Abdille hakungoja. Alasiri ile ile, yeye na mkewe Raho waliujaza mawe, wakauzamisha kwenye kona yenye maji matulivu, wakaufunga kwenye mizizi chini ya maji.

"Na sisi tutakula nini?" Raho aliuliza.

"Ukingo wote huu ni shamba. Tutalima."

Awil alirudi na wenzake, hakukuta kitu. Kisha Mutiso akaja na amri ya kuchoma mitumbwi yote, wapiganaji wasivuke.

"Wako uko wapi?"

"Mtumbwi imezama, bwana."

"Nani aliyeuzamisha?"

"Mimi."

Mutiso aliangua kicheko; mzee alikuwa amemfanyia kazi yake. Mitumbwi mitatu ya jirani iliteketezwa siku hiyo, na wenyewe wakapelekwa kuhojiwa. Abdille alirudi kupalilia mahindi yake.

Mapigano yalipokoma mwaka 1967, Awil alitoka porini amekonda, akaomba kazi ya kuchunga. Abdille akampa achunge ngamia sita aliowanunua kwa mahindi yake. Siku hiyo hiyo aliutoa mtumbwi majini. Ubavu mmoja ulikuwa umeoza, akauziba kwa ubao na lami. Abiria wake wa kwanza alikuwa jirani yao Sahara na mbuzi wake, wakielekea ng'ambo kwenye majani mabichi.