Makofi ya Kilo kwa Profesa

Nimefundisha sheria ya Katiba chuo kikuu mpaka mvi zimenitoka, na bado nyumbani Taita hakuna anayejua nafanya kazi gani. Nikishuka Voi kununua sukari ya kupeleka mlimani, mtu wa Mbololo atanishika mkono aniulize Katiba inasema nini juu ya ndovu waliomaliza mahindi yake. Mwingine anataka nimpigie simu mkuu wa polisi aachilie pikipiki ya mwanawe. Nikisema mimi ni mwalimu tu, wananitazama kana kwamba nawanyima chumvi.

Lakini kitu kimoja nakijua vizuri. Nusu ya maisha yangu nimeandika kuhusu mabinti na ardhi ya baba zao: kwamba mila inayompa mvulana shamba na kumnyima msichana, Katiba imeifuta. Wanafunzi wangu wanalijua hilo hata usingizini. Mawakili hunitaja kortini. Nilidhani angalau ndugu zangu wa tumbo moja walikuwa wamesikia.

Mama alipofariki, miaka mingi baada ya baba, tuliitwa nyumbani Werugha kugawa shamba. Tuko wanne: kaka wawili, na sisi mabinti wawili, dada yangu mkubwa na mimi kitindamimba. Dada hakuolewa. Ndiye aliyewauguza wazazi, akawageuza kitandani, akawafulia, na bado kila asubuhi ukungu ukiwa mzito yuko zizini na ng'ombe wake wawili. Zizi lile na matuta ya kabichi yaliyo chini yake ndiyo maisha yake yote. Nilikwenda na jambo moja tu kichwani: dada apate sehemu yake, kwa jina lake.

Tulikunywa chai ya maziwa ya dada, naye akiimimina. Baba mdogo, aliyeongoza kikao cha wazee wa ukoo, aliomba, kisha akasema, "Kabla tuanze, Profesa wetu atuelezee Katiba kidogo. Hatutaki kuvunja sheria."

Nikasimama, mjinga mimi, kichwa kimevimba. Nikaanza kwa upole kama ninavyoanza darasani, kwamba Katiba inaheshimu utamaduni wetu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kisha nikafika penyewe: utamaduni wowote unaomnyima binti haki yake hauna nguvu tena.

"Makofi ya kilo kwa Profesa!" baba mdogo akaamuru. Wakapiga, pa-pa-pa, kwa mpigo mmoja, utadhani tuko harusini. Kaka yangu mkubwa alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Halafu wakatulia, wakagawa shamba vipande viwili.

"Na dada?" nikauliza.

"Dada atakaa tu," akasema kaka wa pili, ambaye kipande chenye zizi kilimwangukia. "Kwani nani atamfukuza?"

"Kukaa kwa hisani yako si kumiliki."

"Lakini Profesa, si wewe mwenyewe umesema Katiba inaheshimu utamaduni? Wote tumekusikia."

Nimesahihisha mitihani ya namna hii miaka nenda miaka rudi. Mwanafunzi anabeba nusu ya kifungu inayompendeza, nyingine anaitupa. Yule nampa sifuri. Ndugu yako utampa nini? Nilieleza tena, nao wakanisikiliza kwa adabu, adabu iliyonikera kuliko matusi. Baba mdogo akasema hiyo nusu ya pili ni ya Nairobi. Ndipo nikaelewa kwamba yale makofi yalikuwa ya kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nikamfuata dada jikoni. "Twende kortini Voi. Tutashinda."

"Najua tutashinda, mdogo wangu," akasema akisuuza vikombe. "Halafu wewe urudi Nairobi. Mimi nikianguka huku, nani atanibeba? Si ni hao?"

Katika vitabu vyote nilivyoandika, swali hilo sikuwahi kuliuliza. Nilitamani kulia kwa hasira.

Mara wakamwita. Kaka wa pili alikuwa amekuja na kamba ya kupimia, na alikosa mtu wa kumshikia ncha ya pili. Na dada akaenda! Akapangusa mikono kwenye leso, akaishika ile ncha penye kona ya zizi lake mwenyewe, akaivuta ikakaza ili kaka apime vizuri. Ng'ombe wakamgeukia wakidhani amewaletea majani.

Mori ukanipanda. "Hiyo kamba haipimi kitu leo!" nikapaza sauti. "Mimi pia ni binti wa baba. Nawashtaki mimi, kwa jina langu. Dada hajawashtaki. Mkitaka kununa, ninunieni mimi."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Baba mdogo aliangalia viatu vyake. Kaka alikuwa bado amekaza upande wake wa kamba, akingoja.

Dada akaiachilia ile ncha.