Kanga Niliyoitandika Mbele ya Gwaride

Haya, sogeeni niwasimulie mwenyewe, maana nshasikia mkasa huu unazunguka Ng'ambo nzima na kila anayeusimulia anautia chumvi yake, wengine wanasema niliingia uwanjani na ngoma (uongo), wengine wanasema nilikamatwa na wanajeshi (uongo vilevile, niliongozwa tu), na mmoja, simtaji lakini yumo humu ndani anakunywa chai yangu, kasema ati nilizimia. Sikuzimia. Laiti ningezimia. Aibu niliyoipata siku ile ni yangu na nnaikubali, mpaka leo nikipita karibu na uwanja ule nauvuta ushungi mpaka puani, mtu mzima mie na miaka yangu hamsini na mbili.

Kazi yangu mnaijua, mie mpambaji wa maharusi. Mtu akitoka ndani kwao kwenda kwenye heshima yake, mie ndiye wa kumtandikia kanga chini asikanyage vumbi, mie ndiye wa kumnyunyizia marashi, mie ndiye wa kumbandika kikuba cha asumini kifuani, na mie ndiye wa kuanzisha kigelegele wengine wadakie. Miaka thelathini hiyo. Mkono unafanya wenyewe, hata siuambii. Hilo lishikeni, maana ndilo lililoniponza, hilo na miwani.

Na Raya wangu mnamkumbuka alivyokuwa. Mtoto wa kuitwa mara tatu, na ya tatu ndiyo anaitika, tena haitiki "naam" kama watoto wa watu, anaitika "niniii" kutoka kitandani na jua liko utosini. Mende akipita jikoni, Raya yuko juu ya kiti analia. Sasa mtoto huyo amalize kidato cha sita, aje aniambie, "Mama, nnakwenda jeshini, nasomea uafisa." Nilicheka mpaka nikamwaga mchele niliokuwa napepeta. Baba yake, fundi seremala, mtu wa maneno ya kuhesabika, hakucheka. Alisema tu, "Mwache ajaribu." Mie nikampa wiki mbili atarudi.

Hakurudi mpaka likizo. Nikaamka alfajiri nikakuta madumu yote ya maji yamejaa, yamepangwa ukutani makubwa kwa makubwa na madogo kwa madogo, na Raya kakaa barazani anapiga rangi viatu vya baba yake. Nikamwita kumjaribu tu. "Raya!" "Naam, mama," na kashasimama. Nikamtazama miguu, nyayo zimekuwa ngumu kama za mchukuzi wa bandarini, visigino vimejaa makovu ya malengelenge, nikaingia chumbani nikalia. Nikamwambia mume wangu, "Baba Raya, wamenibadilishia mtoto." Akanijibu, "Hakubadilishwa. Anakua, sema hukuwepo ukaona."

Likizo iliyofuata maji yalikatika mtaani, likabaki bomba moja, na mnatujua tukigombania bomba. Raya akatoka, akatupanga foleni, wazee na wajawazito mbele, hakupandisha sauti wala hakumtolea mtu maneno makali, na watu wakajipanga! Nami, mama yake niliyemzaa kwa uchungu, na ndoo yangu mkononi, nikawekwa nyuma ya watu saba. Hakunipitisha. Nilinuna siku nzima (mnanijua nikinuna), lakini moyoni nilimstahi mtoto yule, na nilikuwa sijawahi kumstahi mtoto niliyemfunga nepi.

Basi mwaka huu, karibu wanamaliza, chuo chao kikawaleta Unguja kwa mazoezi, wiki kadhaa huko shamba, halafu wafunge kwa gwaride mjini ili wazazi wa huku ambao bara hatufiki tupate kuwaona. Raya akanipigia simu. "Mama, siku hiyo nimekabidhiwa jambo, sikwambii, utaliona mwenyewe. Ila gwaride likiharibika, limeharibika juu yangu mie. Bado hatujatunukiwa kamisheni, na walimu wanatupima mpaka siku ya mwisho. Wewe njoo ukae tu, mama. Ukae." Nikamwambia, "Nitakaa, mwanangu, kwani mie nina wazimu?"

Asubuhi ya siku yenyewe nikajipamba kama mama wa harusi. Nikavaa miwani, nikajitazama kwenye kioo, nikaona inanizeesha na wanja wangu hauonekani, na picha zitapigwa, nikaivua nikaiacha juu ya kabati. Basi, ndo hapo. Yote yaliyofuata yalianzia juu ya kabati lile. Halafu kwenye mkoba nikatia doti mbili za kanga mpya, mrashi wangu wa fedha uliojaa marashi ya mawaridi, na kikuba nilichokisuka mwenyewe. Baba Raya akauona mkoba umetuna. "Mwanaidi, huko jeshini hakuna harusi." Nikamwambia ni vya kumpa baadaye, shughuli ikishakwisha. Na wallahi nilikusudia hivyo.

Tukafika uwanjani, tukakalishwa chini ya turubai, mbele yetu kamba ya kutuzuia, na afande mmoja akatangaza kwa kipaza sauti, kwa adabu kabisa, kwamba wazazi wasiivuke kamba. Baba Raya kakaa kushoto kwangu, kulia kakaa Bi Mize, mama mmoja wa Tumbatu, naye kaja kumtazama mwanawe Vuai. Mara wakaingia. Jamani! Mtoto wako ukimwona peke yake ni mtoto wako, lakini ukiwaona mia wanatembea mguu mmoja, mikono inapanda pamoja na kushuka pamoja, ardhi inaitika, unajiuliza hawa ndio waliokuwa wakikataa kula uji? Nywele zilinisimama. Bi Mize machozi yalikuwa yanamchuruzika wala hayafuti.

Tatizo likawa simjui wangu yupi. Bila miwani, kuanzia hatua tano kwenda mbele watu kwangu ni rangi tu, na hawa rangi yao moja, wote suruali, wote kofia imekula uso. Mbele yao peke yake kasimama mmoja na upanga, huyo ndiye kamanda wa gwaride, anatoa amri kwa sauti inayofika Darajani, "Gwaride! Mguu sawa!", nami nikamwinamia Bi Mize nikamwambia, "Huyo anayefoka hivyo, ana mama kweli?" Baba Raya alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. (Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema. Ati, "Nilidhani unatania.")

Mgeni rasmi akapita kuwakagua, akarudi jukwaani, wakabaki wamesimama wima juani wanasubiri kupita mbele yake. Jua lile la saa tano mnalijua. Mara kijana mmoja wa nyuma akayumba, wakamtoa taratibu. Moyo wangu ukaruka. Na ukingoni mwa safu ya mbele, karibu kabisa na kamba yetu, nikamwona mmoja mwembamba, mabega yake kama ya Raya, shingo kama ya Raya, na jasho, nilivyomwona mie, linamwagika. Nikasema huyu ndiye, na huyu naye ataanguka, na mimi mamake nimekaa kivulini na mrashi mzima mkobani. Kumnyunyizia kidogo tu apate ubaridi kuna ubaya gani? Hatua tano kwenda, tano kurudi.

Nikainuka. Baba Raya akanishika buibui, nikalinasua. Nikaivuka kamba, au niseme nilidhani nimeivuka, maana iling'ang'ania mguuni nikaenda nayo, na vigingi vitatu vikang'oka nyuma yangu pu, pu, pu. Sikugeuka. Nikafika mbele yake, na hapo sasa mkono ukaanza kufanya wenyewe. Kanga chini. Mrashi juu. Nikamnyunyizia kofia, nikamnyunyizia mabega, nikambandika kikuba kifuani, na kabla sijajua mdomo wangu unafanya nini, nikapiga kigelegele.

Na ningekuwa peke yangu ingekuwa nafuu! Lakini turubai zima limejaa kina mama wa Kizanzibari, kigelegele wamekisikia, kanga wameiona imetandikwa, na kamba iko chini. Wakajua ndo utaratibu wenyewe, wakati wa kina mama umefika. Vikapaa vigelegele huko nyuma, nikageuka nikaona kumi, kumi na wawili, wanakuja mbio wanafungua kanga walizojitanda, wanatandika mbele ya safu nzima, kila mmoja anamtafuta wake. Mbele ya gwaride la jeshi, jamani, pakawa kama uani kwa bibi harusi.

"Raya mwanangu," namwambia yule wangu, "mbona wamekuunguza jua hivi?" Na sasa niko karibu, naona vizuri. Naona masharubu.

Hakupepesa jicho. Marashi yanamtiririka puani, asumini kifuani, macho mbele, midomo haichezi, akanong'ona kwa meno, "Mama, mie Vuai. Raya ndiye anayetuamrisha."

Lahaula! Nikageuka taratibu. Yule mwenye upanga alikuwa ananitazama, na sasa hata bila miwani nikamjua, kwa ule usimamaji wa pale bombani. Walimu wao wawili waliokuwa wamesimama pembeni wakapiga hatua kuja, halafu mkubwa wao akamzuia mwenzake kwa mkono, wakasimama. Wanamwangalia yeye atafanya nini. Hapo maneno ya simu yakanirudia yote, likiharibika limeharibika juu yangu mie, na nikatamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile ya malengelenge, mwanangu, naja kuimwaga mie kwa chupa ya marashi.

Raya hakukimbia, hakufoka. "Gwaride! Hatua tatu nyuma, tembea!" Na watu mia wakarudi nyuma kwa mguu mmoja, moja, mbili, tatu, kimya, kanga zote zikabaki wazi mbele yao, hapana hata moja iliyokanyagwa wala mtu aliyeteleza. Halafu akatugeukia sisi, upanga wima mbele ya bega, akasema kwa sauti ileile:

"Kina mama, shikamooni!"

Tukaitikia wote, hata waliokuwa wameinama, "Marahaba!" Utafanyaje, umeamkiwa.

"Ahsanteni kwa heshima mliyotupa. Naomba muokote kanga zenu mrudi kivulini, gwaride linataka kupita."

Na kina mama wale (na mnajua mama wa Kizanzibari na vigelegele vyake, kumnyamazisha ni kazi) wakaokota, wakajipanga, wakarudi. Mie nikabaki. Nimesimama na mrashi mkononi, sijui niende wapi. Akanitazama.

"Na wewe, mama."

Nikaitika, "Naam!"

Wallahi ilinitoka yenyewe, kwa sauti, kisigino kwa kisigino, uwanja mzima ukasikia. Akaja kijana wa kike mwenye sare akanishika mkono akaniongoza mpaka kwenye kiti changu. Baba Raya akatia mkono mfukoni, akatoa miwani yangu. Alikuwa nayo tangu nyumbani! "Haya, vaa macho yako," akasema, "utazame mtoto."

Nikavaa, nikatazama. Akawapitisha kwa mwendo wa pole, yeye mbele, uso mkavu, na nikaona kitu ambacho bila miwani nisingekiona, kwamba ule mkono wenye upanga ulikuwa unatetemeka, kidogo tu, na yeye anauzuia. Hofu alikuwa nayo, kumbe, sawa na mimi, ila hakumpa mtu aibebe. Nililia, jamani. Nikasema mtoto huyu nilidhani jeshi ndilo lililompa sauti, kumbe limempa kitu kikubwa kuliko sauti. Na nyuma yake anapita Vuai, kikuba kifuani, maana mwanajeshi akiwa kwenye gwaride hawezi kukibandua, na mama yake Bi Mize ananiambia, "Dada, ahsante, kapendeza."

Walipotawanywa, yule mwalimu mkubwa akamwita Raya pembeni, na mie nikasimama nawatazama midomo. Akaja. Akatuamkia, akaubusu mkono wangu. Nikamuuliza nimemharibia kiasi gani.

"Kasema mtihani ule hawakuupanga wao," akanijibu, "lakini alama wamenipa, na ni nzuri." Halafu akapunguza sauti. "Mama, nilikasirika. Nikaogopa. Usinifanyie tena, nakuomba." Nikamwambia sirudii. Akaninusa bega, akasema, "Na kikuba changu kiko wapi?" Nikamwambia anacho Vuai. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kilekile cha yule mtoto wa kuitwa mara tatu.

Sasa kamisheni ni mwezi ujao, huko bara, na tiketi nshakata. Miwani nitaivaa tangu mlangoni kwangu. Mrashi unabaki kabatini, nimeufungia, na ufunguo anao Baba Raya, ambaye siku hizi amepata raha yake. Ananiita kutoka uani, "Mwanaidi!", nami namjibu, "Nini?", naye anacheka peke yake mpaka anakohoa, anasema, "Miaka ishirini na saba nakuita unaniitika 'nini', mtoto kakuita mara moja tu, 'naam'."

Mwacheni acheke. Siku ile nitakaa kwenye kiti changu, mikono mapajani, kigelegele nimekimeza, na sitainuka mpaka afisa mwenyewe aniite.