Udongo Niliotafuna Makongolosi

Yule msimamizi wa mgodi nilimchukia kwa moyo wote, na mpaka leo sijaacha. Wajukuu wananiambia, bibi, samehe, mtu mwenyewe ameshakufa. Amekufa, lakini radhi hajaniomba.

Miaka ya hamsini nilitoka Kihesa nikiwa mke mpya, nikamfuata mume wangu Makongolosi. Alikuwa na kibarua cha kulinda mitambo ya mgodi wa dhahabu uliokwisha kufungwa. Mgodi ule uliacha vilima vya tope la kijivu, laini kama unga. Mvua ikinyesha, tope lilishuka mpaka kwenye bwawa tulilochota maji. Mbuzi wangu walikunywa hapo. Wakaanza kutetemeka miguu, wakafa mmoja mmoja, mpaka yule wa maziwa. Tukaomba tuchimbiwe kisima upande wa pili. Msimamizi akacheka: "Wamekufa kwa uvivu wenu. Tope lile halina neno."

Ikaja habari kwamba Mzungu mpima udongo anatoka Mbeya kuangalia kama vilima vina sumu. Akiikuta, tutapata kisima. Asipoikuta, tutaendelea kunywa tope. Siku mbili kabla hajafika, msimamizi akatukusanya wanawake tubebe udongo mwekundu wa kichuguu, tufunike kilima upande wa barabarani. Eti kupendezesha. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Nikabeba karai langu kimya, moyoni nacheka.

Maana yule mtu alikuwa mgeni, na mambo ya wanawake hakuyajua. Sisi tukiwa wajawazito tunakula udongo wa kichuguu, na kila mmoja anakijua kichuguu chake kwa ladha.

Mzungu alipofika, akainama achote palepale tulipofunika. Nikajipenyeza mbele, nikaokota bonge, nikalitafuna.

"Wewe mwanamke, unafanya nini?" msimamizi akafoka.

"Nakula. Huu ni wa kichuguu cha nyuma ya jiko langu. Juzi ulinibebesha kwa kichwa hiki hiki."

Wenzangu wakaangua kicheko. "Mwongezeeni huyo, ana mapacha!"

Karani aliyekuja naye akamtafsiria Mzungu. Yeye hakucheka.

"Sasa, Bwana Mkubwa," nikasema, "chimba chini, toa lile tope la kijivu, mpe baba huyu aonje. Si anasema halina neno?"

Msimamizi akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu. Mzungu akashika beleshi mwenyewe. Akachimba mpaka kwenye kijivu, akajaza vifuko vyake, halafu akashuka bwawani akajaza na chupa.

Majibu yalirudi: sumu tupu. Bwawa likazungushiwa miiba, kisima kikachimbwa, msimamizi akafukuzwa. Siku ya kuondoka alisimama barabarani na godoro lake akisubiri lori, jua linamchoma. Nikapita nimejitwika ndoo.

"Mama, nisaidie maji kidogo."

Nikaitua ndoo. Nikaimwaga yote chini mbele ya viatu vyake, nikarudi kisimani kuchota nyingine.