Kitanda cha Bi Mwanakheri

Mnanisumbua niandike, na mkono wenyewe huu wa kukwaruza herufi. Alipokuwa hai mbona hamkuja kumuuliza? Haya, someni.

Bi Mwanakheri wa Malindi alikuwa mwosha maiti, mnene, mwenye nguvu. Mfu akimgeuza peke yake. Mwaka wa sitini na tisa alipasuliwa jipu shingoni, kisu kikagusa mshipa wa fahamu, na tangu hapo ule msuli wa chini ya mbavu unaovuta pumzi ukapooza upande mmoja. Akilala chali, tumbo humpanda kifuani, pumzi ikabana. Miaka miwili akalala kakaa kitako, mito mgongoni. Akiulizwa, husema anasoma nyiradi, dua zake za usiku.

Sabini na moja, daktari mgeni akamwita. Shamsi, muuguzi, akatafsiri.

"Bi, mafuta yanakukaba. Huko kwao washaanza kuukata utumbo wakauunga uwe mfupi, mtu akapungua. Yuko tayari kujaribu. Lakini utalazwa chali, utiwe dawa ya usingizi."

"Na nisipoamka?"

Shamsi akamtafsiria daktari swali. Daktari akaanza kuandika karatasi ya kulazwa.

Bi Mwanakheri akarudi nyumbani kujijaribu kulala chali. Akajilaza juu ya kitanda chake cha kuoshea maiti, kwani ndicho kigumu kama meza ya hospitali, akajifunika kanga, akaanza kuhesabu. Thelathini hakufika. Sauti ikamkatika.

Mdogo wake, Mize, akaingia na kikapu cha muhogo. Kuona kitanda na kanga, akapiga ukelele: "Dada yangu mie!" Akamwangukia kifuani mzima mzima, uso kwa uso. Majirani wakajaa; mmoja keshauliza pamba iko wapi. Ndipo Mize akahisi midomo inamcheza shavuni. Akamwinua kwa pupa.

"Pamba ya nini?" akasema Bi Mwanakheri pumzi ilipomrudi. "Mize, kuosha hujajua, ushaanza kuua?"

Walicheka wote. Yeye hakucheka.

Kesho yake akamwambia Shamsi: "Nimekubali. Ila Mize asimame kichwani pangu. Sasa anaijua midomo yangu."

Daktari akakataa, chumba cha kupasulia jamaa haingii.

"Basi anipasue nimekaa."

Haiwezekani. Bi Mwanakheri akajitanda buibui lake, akaenda zake.

Alikufa mwaka wa sabini na tatu, adhuhuri, kakaa kitako mlangoni pake. Watu wakataka kumlaza. Mize akawazuia, akaweka shavu lake penye midomo ile, akangoja mpaka alasiri ikaadhiniwa.

"Haya," akasema. "Mlazeni."

Nimeshaandika. Nawe unayesoma, ikiwa kwenu yuko mzee anayelala kakaa na kusema anasoma nyiradi, iweke karatasi hii chini. Nenda kamuulize mara ya pili.