Fisi Dume Hula Mwisho

Hili sikuhadithiwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana, saluni kwangu hapa Ilembo. Ukicheka, cheka tu. Na mimi ningecheka.

Nilikuwa nimetoka kumzika mume wangu kwao Sibwesa. Sikulia. Nilikula kwa sababu sahani iliwekwa mbele yangu. Wateja wakikosekana, niliandika hadithi ya mapenzi kwenye simu, nairusha kwenye grupu la akina dada: binti anapendwa na mkuu wa ukoo wa watu wanaogeuka fisi. Mwanaume wangu huyo alikuwa wa kufoka na kuvunja milango, na wasomaji walimpenda hivyohivyo. Siku hiyo nilikuwa nimeandika anavyokufa, bado tu kurusha.

Mvua inanyesha, akaingia mama mmoja mrefu, kitenge kimelowa. Akaketi.

"Dada, nisuke niende kilioni."

Nikaanza. Niamini, nimesuka vichwa vingi, sijaona kama kile. Nywele hazikuishia kisogoni. Zilishuka shingoni, zikaingia ndani ya blauzi, ngumu kama brashi, zikifuata uti wa mgongo. Wewe ungekimbia, sivyo? Mimi nilichana, nikagawa, nikaendelea kusuka.

"Yule mwanaume wako wa kwenye simu umemkosea," akasema bila kugeuka. "Kwetu anayetawala ni mama. Mume anatoka ukoo mwingine. Anakuja, anakaa pembeni. Anang'atwa, anafukuzwa, anarudi. Chakula anakula wa mwisho. Akivumilia, ndiyo tunamkubali."

"Wako alivumilia?"

"Sana. Mpaka nikamwonea huruma. Siku moja tukakuta mzoga wa ng'ombe, nikawazuia ndugu zangu wote, nikamwambia leo anza wewe." Akainamisha kichwa nimalizie kisogo. "Wafugaji walikuwa wameutia sumu."

Nikafunga mstari wa mwisho. Nikamwambia pole.

"Wa kwako wa kwenye simu usimuue, dada. Mwache aishi."

"Mbona hulii?" nikamuuliza.

"Kulia ni kwenu nyie. Sisi tunacheka."

Akacheka. Kile kicheko sikielezi. Mbwa wa jirani aliingia uvunguni mwa meza ya muuza nyanya, akakataa kutoka. Mama yule akashika njia ya mashambani, na mvua yake.

Nilifuta kile kifo. Mwanaume wangu nikamkalisha pembeni, akawa anasubiri zamu yake ya kula. Wengi wakalalamika kwamba shujaa amelegea, wakajitoa kwenye grupu. Sikuumia.

Ikafika arobaini ya mume wangu. Watu wanalia, mimi nimekaa mkekani, na mdomoni kikanitoka kicheko kilekile. Nikajifunika kanga, hakikukoma. Mama mkwe aliniangalia mpaka nikamaliza. Mpaka leo hapokei simu yangu.

Basi wewe unayetunga mapenzi ya viumbe wale, ukiwafokesha na kuwaua upendavyo, andika taratibu. Wanasoma.